Sura ya Kumi: Jiwe, Mwezi na Nyota Isiyoonekana

Ufukoni Shangani

Katika sura iliyopita mlijifunza kwamba dunia huvuta vitu vyote vielekee kwake. Embe likikatika kikonyo huanguka chini. Haliendi juu wala pembeni. Katika sura hii tutaendelea na habari hiyo ya mvutano. Tutaanza kwa kurusha jiwe, na kabla ya kumaliza tutakuwa tumefika mbali sana na jiwe hilo.

Wanafunzi wa Mtwara wana mahali pazuri pa kujifunzia somo hili. Ukifika Shangani wakati wa maji kupwa, utaona mchanga umeachwa wazi, nao ni mgumu na wenye unyevu. Bahari imerudi nyuma, na watu wanatembea juu ya miamba wakitafuta pweza na chaza. Jiwe likianguka juu ya mchanga wa namna hiyo huacha alama, na alama hiyo haiondoki mpaka maji yajae tena. Mchanga huo ni kama ukurasa wa daftari, nanyi mna saa chache tu za kuusoma kabla bahari haijaufuta. Wanafunzi wanaokaa mbali na pwani wanaweza kumwagia maji kiwanja chenye mchanga, kisha wakausawazisha kwa ubao.

Jaribio la 1: Gololi mbili

Kabla ya kwenda ufukoni, fanyeni jaribio hili darasani. Vifaa vinavyohitajika ni meza na gololi mbili zinazolingana.

Mwanafunzi mmoja asukume gololi juu ya meza ili ivuke ukingo na kuanguka mbali na meza. Mwanafunzi wa pili ashike gololi nyingine kwenye usawa wa meza, naye aiachie idondoke wima mara tu ile ya kwanza inapovuka ukingo. Mwanafunzi wa tatu afumbe macho na kusikiliza. Rudieni jaribio mara kumi, kwa sababu si rahisi kuiachia gololi kwa wakati barabara.

Je, msikilizaji amesikia milio miwili au mmoja?

Mkifanya kwa uangalifu, mtasikia mlio mmoja tu. Gololi iliyokwenda mbele na gololi iliyodondoka wima hufika chini pamoja. Ikiwa meza ina urefu wa sentimita 80, kila moja hutumia sekunde 0.4 hivi. Watu wengi hawaamini jambo hili mpaka wasikie kwa masikio yao, na hata wanafunzi wa sekondari huulizana kama si kweli kwamba kitu kinachokwenda mbele kwa kasi huchelewa kuanguka. Hakichelewi. Kwenda mbele ni jambo moja, na kuanguka ni jambo la pili. Kitu kilichorushwa hufanya yote mawili kwa wakati mmoja, na moja halizuii jingine.

Chora katika daftari lako njia aliyopita gololi ya kwanza. Utaona kwamba si mstari ulionyooka. Ni mstari uliopinda, nao huzidi kupinda kuelekea chini kadiri gololi inavyoanguka. Mtaalamu wa Italia aliyeitwa Galileo Galilei aliuchunguza mstari huo kwa kuviringisha mipira midogo mezani, akaeleza umbo lake katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638.

Jaribio la 2: Kupiga shabaha na kupima

Sasa twendeni ufukoni. Chagueni asubuhi isiyo na upepo mwingi, maana upepo wa kusi ukivuma unaweza kuupotosha mkono wa mrushaji na hata kulisukuma jiwe lenyewe. Chimbieni kigingi mita 10 kutoka kwenye mstari wa kurushia. Kila kundi lichague mwanafunzi mmoja wa kurusha vijiwe vitano vinavyolingana, akilenga kigingi. Wanafunzi wengine wote wasimame nyuma ya mrushaji. Mtu yeyote asivuke mstari mpaka jiwe la tano liwe limeanguka.

Kisha pimeni umbali kutoka kwenye mstari hadi kila alama, mkaandike vipimo vyote. Msikiache kipimo hata kimoja kwa sababu hakiwapendezi. Jiwe lililokwenda vibaya nalo lina habari yake.

Tuseme Kundi la Kwanza wamepata vipimo hivi, kwa mita: 9.1, 10.8, 10.2, 9.6 na 10.3. Tuseme Kundi la Pili wamepata hivi: 9.4, 9.7, 9.5, 9.8 na 9.6.

Ni kundi gani limerusha vizuri zaidi? Hapo ndipo ubishi huanza. Kundi la Kwanza watajumlisha vipimo vyao na kupata 50.0, wagawanye kwa 5, wapate wastani wa mita 10.0. "Sisi tumepiga shabaha barabara," watasema. Kundi la Pili watapata jumla ya 48.0, na wastani wa mita 9.6. Lakini nao watakuwa na la kujibu: "Mawe yenu yametawanyika. Kati ya jiwe lenu la karibu na la mbali pana mita 1.7. Sisi kwetu pana mita 0.4 tu."

Makundi yote mawili yamesema kweli, ila yamesema juu ya mambo tofauti. Wastani unatuambia kama mawe, yakichukuliwa pamoja, yamefika panapotakiwa. Mtawanyiko unatuambia kama mrushaji anaweza kurudia alichokifanya. Mrushaji wa Kundi la Kwanza amepata wastani mzuri, lakini ukimwomba arushe jiwe moja tu la sita, huwezi kujua litaanguka wapi.

Kamba iliyodanganya

Mwalimu alipokwenda kutazama alama za Kundi la Pili aliona jambo la ajabu. Alama tano zilikizunguka kigingi, mbili mbele yake, mbili nyuma yake, na moja ubavuni. Tena kigingi chenyewe kilikuwa kimepimwa kwa futikamba ya shule, nacho kilikuwa mita 10 kamili kutoka kwenye mstari. Basi wastani wa mita 9.6 ulitoka wapi?

Sababu ilikuwa kamba. Kundi la Pili hawakupata futikamba. Walitumia kamba ya katani waliyoifunga mafundo, fundo moja kila baada ya mita moja. Waliyafunga mafundo hayo jana yake kamba ikiwa imelowa. Kamba ya katani ikilowa hunenepa na kufupika. Ikikauka hurefuka tena. Kwa hiyo siku ya pili, kamba ilipokuwa kavu, kila "mita" yao ilikuwa imezidi mita ya kweli, na umbali wa mita 10 ukahesabiwa pungufu.

Mnaweza kulihakikisha jambo hili wenyewe. Pimeni kamba kavu ya katani kwa rula, iloweni kwa saa moja, kisha ipimeni tena.

Fikirini kidogo juu ya kosa hili. Je, Kundi la Pili wangeweza kuligundua kwa kurusha mawe mengine mia? Hawangeweza. Kamba ingewapa 9.6 leo, kesho na keshokutwa, nao wangezidi kuamini. Kurudia kipimo hufichua mtawanyiko, lakini hakufichui kosa la chombo cha kupimia. Kosa la chombo hufichuliwa kwa kupima kwa chombo kingine. Mtaalamu mwenye kipimo kizuri sana bado humwomba mwenzake apime kwa njia tofauti, wala mwenzake akimjia na jibu lisilolingana na lake haoni haya. Hutafuta kamba.

Jiwe lisilofika chini

Mrushaji wa Shangani akirusha kwa nguvu zaidi, jiwe litaanguka mbali zaidi. Je, akizidisha nguvu na kuzidisha tena, mwisho wake ni nini?

Swali hili alijiuliza Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza aliyeishi kutoka mwaka 1642 hadi 1727. Jibu lake linategemea jambo moja ambalo tumekwisha kujifunza, kwamba dunia ni mviringo. Ukisimama ufukoni na kutazama jahazi linalokwenda mbali, tanga hubaki likionekana baada ya chombo chenyewe kuzama nyuma ya upeo. Bahari imepinda. Ukienda kilomita 8 kwa mstari ulionyooka kabisa, uso wa bahari utakuwa umeinama chini yako kwa mita 5 hivi.

Sasa linganisheni na jambo jingine. Kitu kinachoanguka, katika sekunde ya kwanza, hushuka mita 5 hivi.

Je, mmeona? Kama jiwe lingerushwa mbele kwa kasi ya kilomita 8 kila sekunde, lingeanguka mita 5 katika sekunde hiyo, lakini na dunia nayo ingekuwa imeinama mita 5. Jiwe lingekuwa bado liko juu kama lilivyokuwa mwanzo. Katika sekunde inayofuata lingeanguka tena, na dunia ingeinama tena. Jiwe hilo lingeanguka daima bila kufika chini. Lingeizunguka dunia.

Bila shaka hakuna mkono wenye nguvu hizo, na hewa ingelichoma jiwe kabla halijafika mbali. Newton alifikiri juu ya mlima mrefu sana, mrefu kuliko hewa yenyewe, na juu yake mzinga. Alijua vema kwamba mlima huo haupo popote. Lakini alijua pia kwamba huko juu kipo kitu kimoja kinachoanguka daima bila kufika chini, na watu wote wamekiona.

Mwezi na maji ya Shangani

Kitu hicho ni Mwezi. Mwezi uko mbali nasi kilomita 384,000 hivi, nao huizunguka dunia kwa siku 27 na saa chache. Newton alipiga hesabu akaona kwamba nguvu inayouvuta Mwezi ni ile ile inayoangusha tunda mtini, ila imepungua kwa sababu ya umbali. Huko uliko, Mwezi huanguka kuelekea dunia kwa milimita moja na kidogo tu katika sekunde moja. Hesabu hizo zimo katika kitabu chake cha mwaka 1687.

Dunia inauvuta Mwezi, na Mwezi nao unaivuta dunia. Ushahidi wake tunao hapa hapa. Maji ya bahari yaliyo upande unaoelekea Mwezi huvutwa zaidi kuliko dunia yenyewe. Na yale ya upande wa pili huvutwa kidogo kuliko dunia. Hivyo bahari huinuka pande zote mbili, nayo dunia inapojizungusha tunaupita kila mwinuko kwa zamu yake. Ndiyo sababu maji ya Shangani hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na dakika 50 hivi. Jua nalo huvuta. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, Jua na Mwezi huvuta kwa mstari mmoja, tukapata maji ya bamvua, ambayo pwani ya Mtwara hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Katikati ya nyakati hizo tunapata maji mafu.

Wavuvi walijua miaka mingi kabla ya Newton kwamba bamvua hufuata mwezi. Hesabu za wataalamu ziliongeza jambo moja: ziliwezesha watu kutabiri. Leo nahodha wa meli inayokuja bandari ya Mtwara ana kitabu kinachomwambia saa na kina cha maji kwa kila siku ya mwaka. Kitabu hicho kimepigwa chapa kabla mwaka haujaanza. Hakuna aliyekwenda kuyapima maji ya siku ambayo bado haijafika.

Hesabu za namna hiyo, zinazosimama badala ya kitu chenyewe ili tuweze kukifikiria, huitwa kielelezo. Ramani ni kielelezo cha nchi. Kitabu cha nahodha kimetokana na kielelezo cha bahari, Mwezi na Jua. Nahodha hukiamini, lakini hapati kukiamini bure. Kila siku maji yenyewe hukitahini. Kama kitabu kingesema kina kinatosha na maji yakawa machache, meli ingekwama mwambani.

Setilaiti iliyoitwa Uhuru

Tokea Shangani tufuate pwani kuelekea kaskazini, kama majahazi yanavyofanya wakati wa kusi. Tukipita Kilwa, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa tutafika Malindi, na mbele yake kidogo Ras Ngomeni. Hapo Waitaliano walisimamisha baharini jukwaa la chuma lenye miguu, wakaliita San Marco. Kutoka jukwaa hilo setilaiti zilirushwa kwa roketi kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Setilaiti ni chombo kinachoizunguka dunia kama lile jiwe la Newton.

Kwa nini Waitaliano walikuja kurushia kwetu na si kwao? Sababu mojawapo ni kwamba mahali hapo ni karibu na ikweta. Dunia hujizungusha mara moja kwa siku, na katika ikweta mzingo wake ni kilomita 40,000 hivi. Gawanyeni kwa saa 24, mtaona kwamba mtu aliyekaa kitako chini ya mnazi huko Malindi anakwenda mashariki kilomita 1,600 na zaidi kila saa bila kujua. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata mwendo huo bure. Sababu nyingine ni usalama. Roketi huachia vipande vyake vilivyokwisha kuungua, na mashariki ya jukwaa hakuna mji; kuna bahari tu.

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi yenye vipande vinne, kimoja juu ya kingine, iliondoka jukwaani hapo. Ilichukua setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi, yaani kama watu wazima wawili. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Basi Marjorie Townsend, mhandisi Mmarekani aliyesimamia kazi hiyo, aliipa setilaiti jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya wananchi wa Kenya.

Sasa rudini kwenye vipimo vya Kundi la Kwanza. Jiwe lao la kwanza lilifika mita 9.1 badala ya 10. Lilipungua sehemu 9 katika kila 100, na hakuna aliyeumia wala kilichoharibika. Uhuru ilipaswa kufikia kasi ya kilomita saba na nusu hivi kila sekunde, juu angani zaidi ya kilomita 500. Kama kasi hiyo ingepungua sehemu 2 tu katika kila 100, setilaiti ingeinama upande wa pili wa dunia, ikaingia ndani ya hewa na kuungua kabla haijamaliza mzunguko mmoja. Tena lilikuwa jiwe moja. Hapakuwa na la pili wala la tano la kutafutia wastani.

Haikupungua. Uhuru iliizunguka dunia mara moja kila dakika 96 hivi.

Kutafuta nyota kama mvuvi

Uhuru ilipelekwa juu kutazama eksirei. Huenda mmesikia habari za eksirei hospitalini, ambako hutumika kupiga picha ya mfupa uliovunjika. Baadhi ya vitu vya mbinguni hutoa miali ya eksirei, lakini hewa yetu huizuia isifike chini. Jambo hilo ni heri kwetu, kwa kuwa miali hiyo ikizidi hudhuru mwili. Kwa mtaalamu wa nyota, hata hivyo, ni kama kufungiwa dirisha. Hata akipanda Kilimanjaro, mita 5,895, bado hewa iliyo juu yake inatosha kuizuia. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake.

Chombo chake hakikupiga picha kama kamera. Kilijizungusha polepole, na kila kilipoelekea mahali penye eksirei kilihesabu miali. Kwa hiyo kiliweza kusema tu kwamba chanzo cha eksirei kilikuwa mahali fulani katika ukanda mwembamba wa anga. Mahali gani katika ukanda huo? Mvuvi wa pwani hii anajua jibu. Akitaka kuurudia mwamba wa chini ya maji wenye samaki wengi, hupanga alama mbili za nchi kavu ziwe mstari mmoja, kwa mfano mnazi mrefu mbele ya mnara. Mstari huo peke yake hautoshi. Hupanga alama mbili nyingine upande mwingine, na pale mistari miwili inapokatana ndipo penye mwamba. Wataalamu nao walingoja Uhuru ikipite kile chanzo tena kwa mwelekeo mwingine, wakapata ukanda wa pili na wa tatu. Kanda zilipokatana walipata kieneo kidogo. Kadiri vipimo vilivyokuwa vingi na vizuri, ndivyo kieneo kilivyozidi kuwa kidogo. Mtawanyiko wa mawe yenu mchangani na kieneo hicho cha mbinguni ni habari moja.

Uhuru ilifanya kazi mpaka mwaka 1973. Orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ina vyanzo 339. Kimoja miongoni mwake kimo katika kundi la nyota liitwalo Cygnus, nacho huitwa Cygnus X-1. Mwezi wa Septemba, kama saa tatu usiku, ukisimama Shangani na kutazama kaskazini utaliona kundi hilo, ingawa chanzo chenyewe huwezi kukiona kwa macho.

Kilikuwa kimekwisha kugunduliwa mwaka 1964 kwa roketi ndogo iliyopanda na kushuka. Uhuru iliona kwamba eksirei zake huzidi na kupungua mara nyingi katika sekunde moja tu. Ndipo wataalamu wenye darubini za kawaida wakatazama mahali pale kutoka ardhini, yaani wakapima kwa chombo kingine. Walikuta nyota kubwa ya samawati. Nyota hiyo haikutulia. Ilizunguka mara moja kwa kila siku tano na nusu hivi, kama kitu kinachovutwa, lakini penzi lake la kuizunguka halikuonekana: mahali pa mwenziwe palikuwa tupu.

Fikirini watoto wawili wanaoshikana mikono na kuzunguka usiku, mmoja amevaa nguo nyeupe na mwingine nguo nyeusi. Kwa mbali mtamwona yule mweupe peke yake, akienda huku na huku. Lakini kutokana na mwendo wake mtajua kwamba ameshikwa na mwingine, na hata mtakisia uzito wa huyo mwingine. Wataalamu walifanya vivyo hivyo. Walitumia mvutano, ule ule unaoangusha jiwe mchangani na kuinua maji ya bamvua. Kwa vipimo vya leo, kitu hicho kisichoonekana kina maada mara 20 hivi ya Jua letu, katika nafasi ndogo kuliko umbali wa Mtwara hadi Lindi na kurudi.

Kwa kweli kielelezo cha kitu cha namna hiyo kilikuwapo kabla yake. Mwaka 1915 Albert Einstein alitoa nadharia mpya ya mvutano, na mwaka 1916 Karl Schwarzschild wa Ujerumani akapiga hesabu kwa kuitumia. Kutokana na hesabu hizo wataalamu walikuja kutambua kwamba maada nyingi ikibanwa katika nafasi ndogo mno, mvutano wake ungezuia hata mwanga usitoke. Kitu hicho huitwa shimo jeusi. Kwa zaidi ya miaka hamsini kilikuwa katika karatasi tu, na wengine walidhani kitabaki humo. Cygnus X-1 ndicho cha kwanza ambacho wataalamu walikubaliana kukiita shimo jeusi.

Kiko mbali sana hata mwanga wake hutumia miaka 7,000 hivi kutufikia. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wataalamu wa Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Setilaiti yenyewe ilirudi ndani ya hewa mwaka 1979, ikaungua.

Zoezi

1. Kundi la Tatu walirusha mawe matano na kupata vipimo hivi, kwa mita: 10.4, 10.6, 10.5, 10.3 na 10.7. Tafuta wastani na mtawanyiko wao. Ungewashauri wachunguze nini kwanza, mkono wa mrushaji au chombo cha kupimia? Toa sababu.

2. Kwa nini kurudia kipimo mara mia hakukuweza kuonyesha kosa la kamba ya Kundi la Pili?

3. Mwanafunzi mmoja alisema, "Setilaiti haianguki kwa sababu huko juu hakuna mvutano." Mweleze kosa lake.

4. Kama jukwaa la San Marco lingekuwa mbali sana na ikweta, roketi ingepata hasara gani?

5. Kazi ya kufanya kwa siku kumi na tano: Katika ufuko ulio karibu nawe, mwombe mtu mzima akusaidie kuchimbia kigingi kirefu chenye alama za kila sentimita 10. Andika kila siku saa ambayo maji yamejaa, yamefikia alama gani, na umbo la Mwezi usiku huo. Ukifika siku ya kumi, kisia saa na alama ya siku tano zilizobaki, uziandike kwa wino. Kisha nenda ukapime.